Ufa umeonekana kutoka angani, nani ameagizwa kuutazama?

Januari 22, 2023, pande la barafu lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,550 lilimeguka kutoka bamba la Brunt, kwenye pwani ya Antaktika, likaanza kuelea baharini. Ni kubwa kuliko nchi kavu yote ya Mkoa wa Dar es Salaam. Juu ya bamba hilohilo kuna kituo cha utafiti cha Waingereza kiitwacho Halley. Hakuna aliyepoteza maisha, hakuna jengo lililozama, wala haikuundwa tume ya kuchunguza uzembe wa mtu. Kituo kilikuwa kimekwisha kuhamishwa kilomita 23 kuelekea bara, miaka sita kabla.

Kilihamishwa kwa sababu ufa ulionekana. Ulikuwa umetulia kwa miongo mitatu na zaidi, hadi mwaka 2012 vipimo vilipoonyesha kwamba umeanza kutembea. Waliopewa kazi ya kuutazama waliufuata kwa picha za setilaiti na vipimo vya ardhini, wakapiga hesabu, wakaamua. Majengo yaliburutwa juu ya theluji, na tangu 2017 watu wakaacha kukaa huko miezi ya baridi. Ufa uliendelea polepole mpaka ulipofika mwisho wake, na siku hiyo haukumkuta mtu wa kumdhuru.

Gazeti hili linalitaja tukio la mbali kiasi hicho kwa sababu setilaiti za aina hiyohiyo hupita juu ya Tegeta, Kunduchi, Mbagala na Kijichi. Hupita kila baada ya siku chache na picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Zinaonyesha kingo za mito zikihama, fukwe zikirudi nyuma, na nyumba ambazo hazijasogezwa na mtu zikizidi kuwa karibu na maji. Picha hazijaadimika Dar es Salaam. Aliyeadimika ni ofisa ambaye, picha zikionyesha hatari, atawajibishwa kwa kutoitangaza.

Kazi yenyewe haina uchawi. Setilaiti ya rada haitegemei mwanga wa jua. Hutuma mawimbi yake, hupokea yanayorudi, kisha baada ya siku 6 au 12 hupita tena mahali palepale na kupima upya. Vipimo viwili vikilinganishwa, sehemu iliyosogea hata kwa sentimita chache hujitokeza, na ufa huonekana kama mstari ambapo pande mbili za barafu zimeachana mwendo. Usiku wa Antaktika, unaodumu miezi kadhaa, hauizuii, na mawingu pia hayaizuii. Ndivyo ulivyofuatiliwa ufa wa bamba la Larsen C hadi Julai 2017, lilipomeguka pande la takriban kilomita za mraba 5,800. Siku hizi programu za kompyuta hufundishwa kuchora nyufa zenyewe katika maelfu ya picha, na mtaalamu akabakiwa na kazi ya kuhakiki.

Msomaji wa Yombo Vituka ana haki ya kuuliza barafu hiyo inamhusu nini. Bamba linaloelea likivunjika haliongezi maji ya bahari kwa kiasi cha kutisha, kwa kuwa tayari limo majini. Umuhimu wake ni kuizuia barafu ya nchi kavu iliyo nyuma yake. Bamba la Larsen B lilipovunjika ndani ya wiki chache mapema mwaka 2002, barafu iliyokuwa ikizuiwa nalo iliteremka baharini kwa kasi iliyozidi ile ya awali mara kadhaa. Hiyo ndiyo inayoongeza maji. Na ongezeko hilo haligawanyiki sawa duniani. Antaktika ikipoteza barafu, uwezo wake wa kuyavuta maji kuelekea kwake hupungua. Bahari iliyo jirani nayo hushuka, na zilizo mbali, ikiwamo Bahari ya Hindi ya upande wetu, hupanda kupita wastani.

Wastani huo, kwa mujibu wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Mwenyeji wa pwani anayelijua bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita, huenda akacheka. Asicheke. Wahandisi wa fukwe wana kanuni ya zamani, ya kukadiria tu, inayosema kwamba bahari ikipanda sentimita 1 mbele ya ufukwe wa mchanga, ukingo wa maji unaweza kurudi nyuma kati ya nusu mita na mita 1. Muongo mmoja wa milimita hizo ni karibu sentimita 4. Kwa kanuni hiyo ni mita 2 hadi 4 za kiwanja, na kiwanja cha Mbweni au Ununio leo kinauzwa kwa mita.

Wazee wa Kunduchi hawahitaji kanuni. Hoteli ya Africana, iliyokuwa fahari ya utalii wa pwani hiyo, iliangamizwa na mmomonyoko. Jina lake sasa ni kituo cha daladala katika Barabara ya Bagamoyo. Msikiti na nyumba za watu vilikwenda kwa njia hiyohiyo. Kaskazini zaidi, mbele ya Pangani, kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti. Kwa zaidi ya miaka 40 sasa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mambo haya yamo katika nyaraka za Serikali yenyewe, yameandikwa na kurudiwa.

Hata hivyo bahari haikuifanya kazi hiyo peke yake, na hapa lawama lazima irudi nchi kavu. Ufukwe wa Kinondoni huishi kwa mchanga unaoletwa na mito ya Mbezi, Tegeta na Mpiji. Kila lori linalopanda kutoka mtoni likiwa limejaa mchanga wa kujengea limechukua sehemu ya ufukwe kabla haijafika ufukweni. Wakati huohuo limeuacha mto ukiwa na kina zaidi, na mto uliochimbwa hutafuna kingo zake mvua ya kwanza kubwa inapokuja. Tendo moja linabomoa mahali pawili: nyumba ya Tegeta iliyo juu ya korongo, na ukuta wa Kunduchi ulio mbele ya wimbi. Marufuku ya uchimbaji huo yametolewa mara nyingi, na malori yameyazoea.

Wenye fedha wa Mbezi Beach wamejibu kwa kujenga kuta na matuta ya mawe yanayoingia baharini. Tunaelewa kwa nini. Lakini tuta linalonasa mchanga mbele ya hoteli moja humnyima jirani anayefuata, na ukuta ulionyooka hurudisha wimbi likachimbe mguuni pake au pembeni yake. Kila mmoja anajilinda, na ufukwe wote unapungua. Hii ndiyo hasara ya kuliacha jambo la umma mikononi mwa mafundi wa mtu mmoja mmoja.

Temeke, tangu Kigamboni iwe wilaya, imebaki na maji ya bandari na mikoko ya Mtoni badala ya ufukwe wa bahari kuu, na pengine ndiyo maana hatari yake huzungumzwa kidogo. Lakini inayo mito ya Kizinga na Mzinga. Bamvua likikutana na mvua kubwa, maji ya mto hukosa pa kumwagikia, hurudi nyuma na kupanua njia yake kando. Huko hakuna kuta za mawe. Kuna viroba vya mchanga, matairi chakavu na vifusi vilivyonunuliwa kwa mchango wa majirani. Visima vilivyochimbwa karibu na maji ya chumvi navyo vimeanza kutoa maji ambayo mama lishe hawezi kupikia. Kila mwaka hatua ya chumvi huingia ndani kidogo, na kisima kilichokwisha kuingiliwa hakirudi haraka katika hali yake.

Mvua zimekwisha kutoa onyo lao, tena zaidi ya mara moja. Desemba 2011 jiji lilipata mvua ambazo halikuwa limeziona kwa miaka 57, na zaidi ya watu 40 walikufa. Aprili 2018 mafuriko yakarudi. Katika msimu wa El Niño, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge, Aprili 25, 2024, kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini na zaidi ya 200,000 wameathirika. Siku chache baadaye Kimbunga Hidaya kikafika pwani, jambo ambalo kizazi cha sasa kilizoea kulisikia Msumbiji na Madagaska. Kila mara tumezika, tumechanga, tumegawa blanketi, tumehesabu. Kuhesabu tunakuweza.

Kuna mahali nchini ambapo tumethibitisha kwamba mtu anaweza kutazama vizuri sana na asifanye chochote. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85. Imepigwa picha kutoka ardhini, kwenye ndege na kwenye setilaiti. Barafu ya Furtwängler iliyo juu ya Kibo iligawanyika vipande viwili huku wanasayansi wakiitazama. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu hiyo itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Kwa Kilimanjaro tunayo angalau hoja kwamba chanzo kiko nje ya uwezo wetu. Kwa ukingo wa Mto Tegeta hoja hiyo hatuna.

Turudi kwenye sheria, kwa sababu ndani yake ndimo tatizo lilimojificha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Ni sheria nzuri. Imeandikwa, hata hivyo, kana kwamba ukingo umepigwa msumari. Nyumba iliyojengwa kihalali mita 60 kutoka mtoni mwaka 2004 inaweza leo kuwa mita 20, na mwenye nyumba hajasogeza hata tofali. Ofisa akifika na kamba yake, atamwandika kuwa mvamizi. Ukweli ni kwamba mto ndio uliomvamia, na mara nyingi uliondolewa mahali pake na uchimbaji ambao mamlaka ziliushuhudia.

Neno hilo, mvamizi, limetumika kwa wepesi mno katika jiji hili. Desemba 2015 matingatinga yaliingia Bonde la Msimbazi na kubomoa nyumba, nyingine zikapigwa alama ya X nyekundu, hadi mahakama na malalamiko ya wananchi yaliposimamisha kazi hiyo. Wamo waliokuwa wamevamia kweli. Wamo pia waliokuwa na leseni za makazi na risiti za kodi. Kwa kuwa hapakuwa na ramani iliyotangazwa mapema ikionyesha mto ulikuwa wapi na umehamia wapi, wote walichanganywa katika rangi moja. Hifadhi ya picha ingeweza kuwatenganisha. Picha za setilaiti za Landsat zimekusanywa tangu miaka ya 1970 na ni bure tangu 2008. Wizara ya Ardhi ina picha za zamani zilizopigwa kwa ndege. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zipo picha za kununua zinazoonyesha paa moja moja. Kwa picha hizo inawezekana kujua nani alimkuta nani.

Tusizidishe sifa. Setilaiti za bure zina mipaka, na mwenye kuuza matumaini ya bei rahisi awe mwangalifu. Picha ya kawaida ya Sentinel-2 huonyesha kitu chenye upana wa mita 10. Mpasuko wa hatua mbili katika kingo za Mto Mbezi hautaonekana humo. Wakati wa masika, siku tunazohitaji kuona zaidi, mawingu hufunika jiji na picha za kawaida huwa nyeupe tupu. Rada hupenya mawingu, lakini katikati ya mabati yaliyobanana ya Tandika usomaji wake unataka mtu aliyefundishwa. Kinachoonekana vizuri ni mwenendo: ukingo huu umehama kiasi gani kwa miaka mitano, ufukwe huu umepoteza nini tangu kusi ya mwaka juzi, bonde hili limejengwa kiasi gani. Mwenendo ndio unaotosha kusema wapi ipelekwe ndege nyuki ikapige picha ya karibu, na wapi apelekwe mpimaji akasimame kwa miguu yake.

Na hilo nalo tumekwisha kulifanya. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa madarasani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakaingia katika kata zinazofurika wakiwa na ndege nyuki na simu, wakachora mitaro, vichochoro na mahali maji yalipofika. Wenyeji waliwaonyesha kwa mikono yao alama za maji ukutani. Zanzibar, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walivipiga picha visiwa kwa ndege za aina hiyo. Nairobi kipo, tangu 1975, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, ambacho Tanzania ni mwanachama wake. Ujuzi, kwa hiyo, umo nchini na jirani. Vijana waliojifunza kazi ile wako mitaani, wengine wakitafuta ajira.

Zaidi ya hayo, Serikali inaijua kila nyumba. Mwaka 2022, kabla ya sensa, operesheni ya anwani za makazi ilizipa nyumba namba na kuziingiza kwenye mfumo pamoja na mahali zilipo juu ya ramani. Sensa ya Agosti mwaka huo ikahesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Na tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia luku, mtu anaponunua umeme. Nyumba iliyoning'inia juu ya Mto Kizinga inalipa kodi hiyo kama nyingine. Basi dola inayoweza kuifikia nyumba hiyo kila mwezi ili kuchukua, haiwezi kusema imeshindwa kuifikia mara moja kwa mwaka ili kuonya. Weka mstari wa ukingo unaohama juu ya orodha ya anwani, na orodha ya nyumba zilizo hatarini inajitokeza yenyewe, kwa namba, kwa mtaa, kwa jina la mjumbe.

Kwa nini basi haijatolewa? Jibu la heshima ni kwamba wajibu umegawanyika. Mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mazingira ni ya chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Daraja na barabara ya mtaa ni ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA. Mvua ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo kwa kweli imeboresha utabiri wake na hutangaza mapema. Maafa yakishatokea ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila ofisi ina kipande, na ukingo wa mto umepita katikati ya vipande hivyo bila kumkuta mwenyewe.

Kuna pia jibu ambalo halisemwi mezani. Ramani ikitangazwa, itakuwa na matokeo. Bei ya viwanja vilivyo ndani ya mstari itaanguka. Benki itauliza maswali kuhusu dhamana. Mwananchi aliyeuziwa kiwanja na halmashauri atakwenda mahakamani akiwa na hati mkononi. Aliyetoa kibali baada ya ramani hataweza kusema hakujua. Tunaamini ukimya huu kwa sehemu unatokana na hofu hiyo, na tunaiona hofu hiyo kuwa ya aibu, kwa sababu kinachookolewa nayo ni heshima ya ofisi tu. Nyumba itaanguka ramani iwepo au isiwepo.

Gharama ya kuchelewa inaweza kukadiriwa bila kubuni tarakimu. Mafuriko ya 2018 pekee yalikadiriwa na Benki ya Dunia kuligharimu jiji zaidi ya dola milioni 100. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao tuliuunga mkono na tunaendelea kuuunga mkono, umechukua mkopo wa dola milioni 200 kutoka benki hiyo, achilia mbali fedha za washirika wengine, na sehemu yake imekwenda kuwafidia watu ili wahame mahali ambapo hawakupaswa kuruhusiwa kujenga. Hiyo ndiyo bei ya bonde moja lililoachwa kwa miongo kadhaa. Tegeta, Mbezi, Nyakasangwe, Kizinga na Mzinga bado hazijafika hapo. Zinajengwa sasa, wiki hii, kwa tofali za kufyatua na mchanga uliotoka mtoni humohumo. Kila mwaka unaopita bila mstari kuchorwa unaongeza idadi ya watakaostahili fidia, na kupunguza sehemu ya bonde inayoweza kuachiwa maji.

Gharama nyingine haimo katika vitabu vya hesabu. Baada ya 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Ilikuwa hatua ya kiungwana, ila ilikuja baada ya mazishi, kwa haraka, kwenda mahali ambapo huduma zilikuwa chache na soko lilikuwa mbali. Haikuwa ajabu wengine waliporejea karibu na riziki zao. Mtu anayehamishwa kwa onyo la miaka mitatu huuza kwa utulivu, hutafuta shule ya watoto, hupima nauli. Anayehamishwa usiku na maji ya kiunoni hubeba godoro. Waingereza wa Halley, wachache waliolipwa mishahara kukaa juu ya barafu, walipewa miaka. Kaya za Kijichi, zenye watoto na wazee, hazijapewa hata barua.

Kwa hiyo msimamo wa gazeti hili ni huu. Kabla ya masika ijayo, Ofisi ya Waziri Mkuu itangaze kwa amri iliyoandikwa ofisi moja itakayobeba wajibu wa kusoma picha za mito na fukwe za Dar es Salaam, ikiwa na jina la mkuu wake. Tungependa iwe idara ya usimamizi wa maafa, kwa sababu ndiyo yenye sauti mbele ya wizara zote, na kazi ya kupima ipewe vyuo vikuu vyetu kwa mkataba wa kudumu badala ya miradi ya wafadhili inayokufa fedha zikiisha. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, ofisi hiyo itoe ramani ya kila kata inayoonyesha ukingo ulipokuwa, ulipo, na unakoelekea. Ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, kwa rangi ambayo mwenyekiti anaweza kuieleza bila mtaalamu kusimama pembeni yake. Na kila mita ya luku iliyo ndani ya mstari wa hatari ipelekewe ujumbe kwa simu.

Mabaraza ya madiwani ya Kinondoni na Temeke hayana sababu ya kusubiri amri hiyo. Yanaweza kusimamisha vibali vipya kando ya mito iliyotajwa hapa mpaka ramani ipatikane, na yanaweza kuanza na malori ya mchanga kesho asubuhi, kwa kuwa njia yanazopitia zinajulikana na kila trafiki wa Barabara ya Bagamoyo. Diwani atakayesema wapiga kura wake wanategemea mchanga huo awaeleze wapiga kura wengine, walio mita mia chini ya shimo, watategemea nini.

Wabunge wa mkoa huu nao watakwenda Dodoma kwenye Bunge la bajeti. Waulize fungu la kazi hii liko wapi. Ni dogo. Picha ni za bure, vijana wapo, anwani zipo; kinachotakiwa ni mishahara ya watu wachache, kompyuta, na ndege nyuki kadhaa zenye vibali. Wakijibiwa kwamba fedha hakuna, walinganishe na kiasi kinachotengwa kila baada ya mafuriko kwa mahindi, mahema na ziara za viongozi.

Swali la fidia tunalijua na hatulikwepi. Aliyejenga ndani ya mita 60 akijua, bila hati wala kibali, apewe muda na msaada wa kuhama, asipewe zaidi. Aliyejenga kihalali na mto ukamfuata alipwe kama mwananchi yeyote ambaye ardhi yake imechukuliwa. Na kuanzia siku ramani itakapobandikwa, kibali chochote kitakachotolewa ndani ya mstari kiwe deni la halmashauri iliyokitoa, na saini ya ofisa aliyekiidhinisha iambatane na hati ya madai.